Barabara ya ziwani: kona ya ghuba na kona ya rasi haziingiliwi sawa

Watu wakijua nafundisha kuendesha pikipiki swali linalofuata huwa ni lile lile, niende wapi nikafurahie, na mimi nawajibu tafuta barabara yoyote inayofuata ukingo wa ziwa, iwe ya lami iwe ya vumbi. Afu wanashangaa nikianza kuwaeleza kona badala ya mandhari. Jamani, mandhari utayaona tu, ila ukiwa juu ya pikipiki unayafaidi pale kichwa kikiwa kimetulia, na kichwa kinatulia ukishaielewa barabara yenyewe, manake hii barabara ina mpangilio wake na ukiujua unakuwa unajua kinachokuja kabla hujakiona.

Ukingo wa ziwa haujanyooka. Kuna mahali maji yameingia nchi kavu, hiyo ndo ghuba, na kuna mahali nchi kavu imechomoza kwenda majini, hiyo ni rasi, sasa barabara kwa kuwa inafuata ukingo inabidi iingie ghuba, itoke, izunguke rasi, iingie ghuba nyingine, hivo hivo mpaka mwisho. Kwenye ghuba kona inazunguka maji, yaani upande wa ndani wa kona hakuna kilima wala mwamba, kwa hiyo kama miti haijasongamana unaiona kona nzima mpaka ng'ambo, unaliona lori linalokuja mapema kabisa, unaona hata lami iliyomeguka. Kwenye rasi ni kinyume chake. Kona inazunguka ardhi, kilima ndo kiko upande wa ndani, na nyuma ya kilima huoni kitu. Kinachoumiza watu ni kwamba mtu anatoka ghubani na spidi ambayo kule ilikuwa sawa kabisa, anaibeba vile vile anaingia nayo rasini.

Hesabu kidogo, msinikimbie. Ukiwa kilomita 60 kwa saa kila sekunde unakata karibu mita 17, kwa hiyo mpaka ubongo ushtuke na mkono ufike kwenye breki umeshazila hizo mita na pikipiki haijapunguza chochote. Na ukishika breki, umbali wa kusimama hauongezeki sawa na spidi, unaongezeka kwa mraba wake, kutoka 60 kwenda 80 unakaribia mara mbili. Ndo maana kanuni ninayoishikilia kwa wanafunzi ni moja: uwe na uwezo wa kusimama ndani ya kipande unachokiona. Ghubani unaona kirefu, twende. Rasini kipande kinafupika, basi shusha spidi na urudishe gia wakati pikipiki bado imenyooka, usisubiri uwe umeshailaza ubavu kukata kona.

Kulaza nako kuna hesabu yake. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 60, kwa kilomita 60 pikipiki inataka kulala kama digrii 25 hivi, ongeza kilomita 12 tu inataka kama digrii 34. Kilomita 12 kwa macho ni kitu kidogo, kwa tairi ni kikubwa sana, hasa kama pana kamchanga.

Sasa ikitokea umeshaingia na kona inazidi kubana, wengi wanafanya mambo mawili kwa pamoja, wanaachia mkono wa mafuta ghafla na wanayakodolea macho maji. Pikipiki inafuata macho, hii sio imani, ukikazia macho kitu mwili wako unakupeleka hapo hapo bila kukuomba ruhusa. Angalia kona inakotokea, mafuta yatulie, afu sukuma mkono wa usukani wa upande unaotaka kwenda. Kona ya kulia, sukuma mkono wa kulia mbele, pikipiki inalala kulia. Ndiyo, kwa muda mfupi unakuwa kama unaugeuza usukani upande mwingine, na ndivyo inavyofanya kazi. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye yeye na mdogo wake Orville walikuwa na duka la baiskeli, aliwahi kueleza kwamba aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanakataje kushoto na hakumpata hata mmoja aliyeeleza yote sawasawa kwa mara ya kwanza. Mwili unajua, mdomo haujui. Ila kwenye dharura mwili ukigoma, aliyejifunza kwa kujua ndo anapona.

Upande wa kuanzia nao una maana. Kama mnaendesha kushoto na ziwa liko kushoto kwako, uko leni ya majini, unaona vizuri na kusimama ni rahisi, ila kwenye kona za rasi ukitanuka, yaani ukitoka nje ya mstari wako wa kona, unaishia ziwani. Likiwa kulia kwako, rasini unakuwa umebanwa na kilima, na ukitanuka unaenda kukutana na gari uso kwa uso. Mnaoendesha kulia geuzeni tu. Mimi napenda ziwa liwe upande wa leni yangu, lakini kwa mtu anayeanza siwezi kusema upande upi una nafuu, kila mmoja una adhabu yake.

Halafu kuna upepo, na huu ndo unaoniudhi kuona watu wanausahau. Jua likiwaka ardhi inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, ya ziwani iliyo baridi inakuja kuziba nafasi yake. Unaanza taratibu kabla ya mchana, alasiri ndo unakuwa na nguvu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda majini. Kwa mwendesha pikipiki maana yake ni hii: alasiri ukielekea ncha ya rasi upepo unakupiga usoni, ukifika nchani unakupiga ubavuni tena ukiwa umelala kwenye kona ile ile usiyoiona mbele, ukirudi ndani kuelekea ghuba unakusukuma mgongoni. Pale nchani usiukabe usukani, bana tangi kwa magoti, mikono iwe laini, na uache nafasi upande unaosukumiwa, yaani upande wa nchi kavu. Na ule wa mgongoni ni mjanja, helmeti inatulia, kelele zinapungua, unajiona uko polepole kumbe spidi imepanda na unashuka kwenda kwenye kitako cha ghuba, pale maji yalipoingia ndani kabisa.

Kitako cha ghuba ndo mahali pa pili pa kuogopa japo panaonekana pote. Mito na vijito vinamwaga maji ziwani hapo, kwa hiyo ndo kwenye kalvati na madaraja, na mvua ikinyesha mchanga na changarawe vinabaki juu ya lami, mara nyingi katikati kabisa ya kona. Kwenye barabara ya vumbi hapo ndo kwenye tope. Vuka ukiwa umenyooka kadiri unavyoweza, bila breki ya mbele.

Jua la chini nalo ni shida, linakupiga mara mbili, la angani na lile linalorudi kutoka majini. Miwani ya jua ya kukata mng'ao inasaidia sana kwa hilo la majini, ila ijaribu kwanza, mingine ukiivaa baadhi ya dashibodi za kidijitali zinageuka nyeusi. Na jua likiwa mgongoni kwako usijione uko salama, wewe unaona vizuri, anayekuja mbele ndo hakuoni, kwa hiyo akitaka kukata kuingia barabara ya pembeni mchukulie hajakuona.

Kutazama ziwa kwenyewe? Simama. Chagua ghubani kwenye kipande kilichonyooka ambapo walio nyuma wanakuona mapema, usisimame rasini hata kama picha ni nzuri kuliko zote, na bila shaka ni nzuri. Ardhi ya ukingoni ni laini, stendi ya pembeni inazama taratibu mpaka pikipiki inaanguka, weka jiwe bapa chini yake. Pakiwa na mteremko pua iangalie juu na uache gia ya kwanza imeingia. Abiria wa nyuma mwambie mapema kabisa kwamba simu inatoka mfukoni mkishasimama, akijipinda kupiga picha katikati ya kona anakuhamishia uzito bila wewe kujua.

Ukirudi jioni tegemea wadudu, maziwa mengi yanatoa makundi yao giza likianza kuingia. Usifute kioo cha helmeti kikiwa kikavu, utachora mikwaruzo itakayosambaza mwanga wa taa za magari usiku kucha. Kitambaa chenye maji, kilaze juu ya kioo dakika chache walainike, ndo ufute.