Bodi ndogo ya umeme: waya wa kuilisha na njia ya ethi

Mafundi chipukizi huniuliza mara kwa mara waya wa milimita ngapi upelekwe kutoka bodi kuu hadi bodi ndogo, na wengi wao hutarajia nitaje namba moja. Namba hiyo haipatikani kabla ya kujua mzigo, njia itakayopitishwa kebo, na umbali.

Chukulia bodi ndogo itakayolisha hita ya maji ya kilowati 3, kiyoyozi cha kilowati 1.5, pamoja na soketi na taa za kilowati 2.5. Jumla ni kilowati 7, ambazo kwa volti 230 ni takriban ampea 30, kwa hiyo breka ya ampea 40 kwenye bodi kuu inatosha. Kuanzia hapo waya huchaguliwa kwa kuitazama breka, si mzigo, kwa sababu kazi ya breka ni kuulinda waya usiungue siku mtu atakapoongeza jiko la umeme bila kumwuliza fundi.

Kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba, ikipigwa juu ya ukuta mahali penye hewa, hubeba takriban ampea 46. Kebo hiyo hiyo ikifichwa ndani ya ukuta uliojazwa kizuia joto hushuka hadi karibu ampea 32, na hapo breka ya 40 haiilindi tena. Joto la mazingira nalo hupunguza uwezo huo: kwenye nyuzi 40 za selsiasi, kebo yenye ganda la PVC hubaki na asilimia 87 tu ya uwezo wake wa nyuzi 30. Ndiyo maana kwa breka ya 40 mimi huanzia milimita 10 za mraba.

Umbali huthibitisha uamuzi huo. Kwa mita 30 na ampea 40, kebo ya milimita 6 hupoteza takriban volti 8.8, yaani karibu asilimia 4, ilhali ya milimita 10 hupoteza volti 5.3. Kumbuka kwamba bodi ndogo nayo ina nyaya zake za kwenda kwenye vifaa, ambazo zitapoteza volti zake pia; ukimaliza njiani posho yote ya volti zinazoruhusiwa kupotea, hita iliyo mwisho wa laini haitapata haki yake.

Kwenye ethi, yaani waya wa usalama unaounganishwa na chuma cha bodi na vifaa, ndiko ninakokuta makosa mengi zaidi. Wapo wanaopeleka laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) pekee, kisha wakachimbia rodi ya ethi kando ya bodi ndogo na kuamini kwamba kazi imekwisha. Tuseme rodi ina ukinzani wa omu 20, ambao si mbaya. Laivu ikigusa bodi ya chuma, mkondo utakaopita ardhini hauzidi ampea 11.5, na breka ya 40 itauona kama mzigo wa kawaida tu, huku chuma kikiendelea kuwa na umeme. Breka ya aina B, ile ya kawaida ya majumbani, ya ampea 40 huhitaji hadi ampea 200 ili ikate papo hapo, na mkondo wa namna hiyo hupita kwenye shaba, si kwenye udongo. Kwa hiyo waya wa ethi lazima uandamane na laivu na nyutro kutoka bodi kuu, na kwa laivu isiyozidi milimita 16 za mraba nauweka wa ukubwa ule ule. Pale ambapo nyumba nzima hutegemea rodi, RCD (swichi inayokata umeme ikihisi mkondo unavuja) ya miliampea 30 ndiyo inayookoa maisha, kwa kuwa haisubiri mkondo mkubwa.

Kosa la pili ni kuunganisha nyutro na ethi ndani ya bodi ndogo. Niliwahi kuweka klampu mita (kipimo cha mkondo kinachoukumbatia waya) kwenye waya wa ethi wa bodi ya aina hiyo, hita ya ampea 13 ikiwa imewashwa, ikasoma zaidi ya ampea 6 bila hitilafu yoyote: nyutro na ethi zilikuwa zimegawana mzigo. Skrubu ya nyutro ikilegea, mzigo wote hurudi kupitia ethi, na kila chuma kilichounganishwa nayo huwa sehemu ya sakiti.

Kabla ya kuwasha, zima umeme kwenye bodi kuu, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, fungua nyutro inayoingia kwenye bodi ndogo, kisha pima kati ya baa ya nyutro na baa ya ethi. Mita ikionyesha muungano, kagua kwanza kama kuna skrubu au kipande cha shaba kinachounganisha baa ya nyutro na sanduku la chuma.