Je, Wajua Kwa Nini Refa wa Vikapu Huacha Kikumbo Kizito Kipite na Kuadhibu Mguso Mdogo?

Anayehudhuria mechi ya mpira wa vikapu katika ukumbi wa Makande hapa Mombasa, nyumbani kwa timu za Mamlaka ya Bandari, hawezi kukosa kuliona tukio hili. Mlinzi anamkimbiza mshambuliaji mwenye mpira, mara anagonga kifua cha mchezaji mwingine aliyesimama kama nguzo, anaanguka chali, na refa hapulizi kitu. Baada ya muda mfupi nyonga mbili zinagusana, tena kidogo tu, na kipenga kinalia. Mashabiki huondoka wakiamini kwamba refa amependelea, ilhali mara nyingi maamuzi yote mawili huwa sahihi, kwa sababu refa hapimi uzito wa kikumbo. Anapima ni nani aliyewahi mahali pale, aliwahi vipi, na kama mwenzake alipewa nafasi ya kujiepusha.

Kitendo cha kusimama katika njia ya mlinzi huitwa skrini. Mshambuliaji, kwa kawaida asiye na mpira, hujiweka mahali mlinzi anapotaka kupita ili mwenzake apate upenyo wa kurusha au kupenya. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinaruhusu jambo hilo, mradi mweka skrini awe ametulia na miguu yake yote miwili iwe sakafuni wakati wa kugusana, na mwili wake usitoke nje ya silinda yake. Silinda ni nafasi ya kubuni inayomzunguka kila mchezaji: nyuma inaishia kwenye makalio, ubavuni inaishia kwenye ukingo wa nje wa mikono na miguu, na mbele haivuki viganja. Kiwiko kilichopanuliwa, goti lililotangulizwa au nyonga iliyosukumwa nje dakika ya mwisho vyote vimetoka katika nafasi hiyo, na vikimgusa mpinzani akazuiwa, kosa ni la mweka skrini.

Kanuni ya umbali ndiyo inayowachanganya watu wengi, ingawa mtu aliyezoea vichochoro vya Mji wa Kale ataielewa upesi. Msukuma mkokoteni anayekuja nyuma yako hupaza sauti, "Simile! Simile!", kwa kuwa anajua huna macho kisogoni, lakini anayekuja mbele yako, mkaonana, hana haja ya kupiga kelele. Uwanjani hakuna wa kuita simile, kwa hiyo kanuni zimeweka hatua badala ya sauti. Ikiwa mlinzi amesimama na skrini inawekwa mbele au ubavuni mwake, anapoweza kuiona, mweka skrini ana ruhusa ya kumkaribia kadiri apendavyo bila kumgusa. Ikiwa inawekwa mgongoni, hana budi kumwachia hatua moja ya kawaida. Na ikiwa mlinzi yuko mbioni, muda na mwendo wake huzingatiwa, naye huachiwa umbali usiopungua hatua moja wala kuzidi mbili. Akishapewa haki yake hiyo na bado akagonga skrini halali, dhima ya mgongano inamwangukia yeye.

Sasa mlinzi wetu aliyeanguka chali anaeleweka. Alikuwa na umbali wa kutosha, ila macho yake yalikuwa kwenye mpira, na nguzo ile ilikuwa imesimama kabla hajafika. Refa angeweza kumwadhibu mlinzi huyo, lakini kanuni zinamtaka asiukatize mchezo kwa mguso ambao haukumnufaisha aliyeusababisha wala kumdhuru mpinzani wake kimchezo. Aliyeanguka ameshapoteza nafasi yake, na waliomzuia kihalali wanaelekea kufunga. Kupuliza wakati huo ni kuwanyang'anya faida waliyoitafuta kwa haki. Nyonga zile mbili ni habari nyingine. Mweka skrini alitelezesha mguu wa kushoto, mlinzi akachelewa kidogo, na mrushaji akabaki peke yake nyuma ya mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka kikapuni. Mguso ulikuwa mdogo, ila ndio uliomfungulia mrushaji njia. Hapo refa huinua ngumi, kisha huweka mikono yote miwili kiunoni. Mpira unakwenda upande wa pili bila mitupo huru, yaani ile ya kulenga kikapu bila kuzuiwa, na mweka skrini anaandikiwa moja kati ya faulo tano zitakazomtoa mchezoni.

Refa huuonaje mguu ulioteleza ilhali ukumbi mzima unatazama mpira? Jibu ni kwamba yeye hautazami mpira. Uwanja una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na waamuzi wawili au watatu hugawana maeneo, ili mmoja anapomfuata mwenye mpira, wengine wawaangalie wachezaji wasio nao. Refa mzuri huitambua skrini kabla haijakamilika, akatazama kwanza miguu ya anayeiweka, kwa sababu akisubiri kishindo ndipo ageuke, ataona mtu chini na atalazimika kubahatisha. Kwa maoni yangu kazi hii ya kutazama pasipo na mpira ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo tunayoishukuru kwa uchache mno.

Mechi haiongozwi kwa kipenga peke yake. Mpira ukiwa umesimama, neno moja la chini kwa mweka skrini, "Tulia, miguu hiyo," huweza kuepusha faulo kadhaa za baadaye. Nahodha naye ana haki ya kumwuliza refa kwa adabu, saa ikiwa imesimama. Jambo zito zaidi ni kutumia kipimo kilekile tangu mwanzo: skrini inayosogea ikipulizwa katika robo ya kwanza, makocha wa pande zote mbili huwaonya wachezaji wao mapema, na mechi hutulia. Ikiachwa kwa robo tatu halafu ikapulizwa dakika ya mwisho timu zikitofautiana kwa pointi moja, hata uamuzi ulio sahihi kikanuni utaonekana ukumbini kuwa ni dhuluma, kwa kuwa wachezaji walikuwa wameshafundishwa na refa yuleyule kwamba jambo hilo linaruhusiwa.