Mkoko si mti mmoja: dhana potofu kuhusu kuwafundisha vijana bioanuwai ya mimea mkoani Tanga

Ukiwaambia wanafunzi wa sekondari mjini Tanga kwamba wiki ijayo watatafiti bioanuwai ya mimea, yaani utofauti wa mimea iliyopo mahali, wengi watauliza basi la kwenda Amani linaondoka saa ngapi. Swali hilo lina chanzo chake. Misitu ya Usambara Mashariki ina mimea isiyoota kwingine kokote duniani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Hata hivyo, dhana kwamba bioanuwai ni mali ya milimani, na kwamba asiye na nauli hana cha kutafiti, inalinyima darasa la mjini somo lililo karibu na madirisha yake. Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopandwa vyunguni katika nyumba za Ulaya na Marekani, lilielezwa kisayansi mwaka 1893 kutokana na mimea iliyopelekwa na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika eneo hili, na baadhi ya mimea yake ya porini huota kwenye miamba ya chokaa ya nyanda za chini karibu na Tanga.

Dhana ya pili ni kwamba mkoko ni mkoko, na aliyeuona mmoja ameiona yote. Hapa neno lenyewe huwachanganya vijana, kwa kuwa hutaja mti mmoja mahususi, Rhizophora mucronata, na papo hapo hutaja jamii nzima ya miti iotayo kwenye matope ya maji chumvi. Ukweli ni kwamba pwani yetu ina walau spishi 8 za miti hiyo, na wavuvi, wakata boriti na mafundi wa vyombo wana majina yake tangu zamani: mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, msikundazi na kikandaa. Kijana hahitaji darubini ili aitenganishe. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, ilhali mizizi ya muia hukunjika kama magoti. Mchu huchomoza vijizizi vingi vyembamba mfano wa penseli zilizochomekwa matopeni, na majani yake, yenye rangi ya kijivu upande wa chini, yana chumvi ambayo ulimi huitambua mara moja. Mlilana nao huchomoza mizizi, ila minene kama koni, na hupenda kutangulia mbele kabisa upande wa bahari. Matunda ya mkomafi ni makubwa na ya mviringo kama mpira, na mbegu za mkoko, mkandaa na muia huota zikiwa zingali mtini kabla ya kudondoka.

Safari ya kwenda kuitazama mikoko ipangwe siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, na mwalimu awe ameijua saa ya maji kujaa, tena awe na idhini ya wasimamizi wa misitu, kwa sababu mikoko imehifadhiwa kisheria. Amwombe pia mvuvi mzee aliyezoea eneo hilo afuatane na darasa. Naamini kwa dhati kwamba majina anayoyataja mzee huyo yanapaswa kuandikwa daftarini kabla simu haijatolewa mfukoni, kwani jina la kienyeji ni matokeo ya uchunguzi wa vizazi vingi. Jina la kisayansi linahitajika baadaye, pale ambapo jina moja la kienyeji limebeba mimea miwili, au mmea mmoja una majina matatu kutoka Pangani hadi Mkinga.

Wako wanaodhani kwamba anayehesabu spishi amekwisha kupima bioanuwai. Kamba ya mkonge yenye urefu wa mita 4 na vigingi 4 hutosha kutengeneza mraba wenye mita 1 kila upande, na mraba huo huonyesha kosa la dhana hii. Tuseme mraba uliowekwa katikati ya uwanja wa shule una mimea 100 ya spishi 4, lakini 97 kati yake ni nyasi za aina moja, na spishi nyingine 3 zina mmea mmojammoja. Mraba wa pili, kando ya uzio, una mimea 100 ya spishi hizohizo, 25 kwa kila spishi. Idadi ya spishi ni sawa, lakini ukichagua mimea miwili bila kuangalia, uwezekano wa kupata spishi mbili tofauti ni takriban asilimia 6 katika mraba wa kwanza, na takriban asilimia 76 katika wa pili. Kipimo hicho kinatokana na kile alichokipendekeza mwanatakwimu Mwingereza Edward Simpson mwaka 1949, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukikokotoa kwa kalamu. Jambo la kusisitiza ni kwamba mahali pa kuweka mraba pachaguliwe kwa kura, maana kijana akiachwa achague mwenyewe, atauweka penye maua.

Kuhusu mimea ya asili, mazoea hudanganya. Mwarobaini umetoka upande wa India, mkorosho Brazili, na mkonge wenyewe, uliolijengea jina jiji hili, una asili ya Meksiko na uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893. Tena mmea unaweza kuwa wa asili Tanzania na bado ukawa mgeni Tanga: msizi, Maesopsis eminii, ni wa asili upande wa Kagera, lakini ulipopandwa Usambara Mashariki ulivamia misitu, huku hondohondo wakila matunda yake na kusambaza mbegu.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni ile ya kuamini kwamba simu inajua jina la mmea. Programu kama iNaturalist na Pl@ntNet hulinganisha picha na mamilioni ya picha zilizokwisha kutambuliwa, ambazo sehemu kubwa zimetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo mmea wa pwani yetu usio na picha nyingi unaweza kupewa jina la ndugu yake wa mbali. Jibu la programu ni pendekezo la kuchunguzwa. Kijana apige picha ya jani pande zote mbili, namna majani yanavyopangana kwenye tawi, gome, ua na tunda, kisha aandike kwa nini anakubali au anakataa jina alilopewa. Sentensi hiyo moja ya sababu ndiyo ninayoisahihisha kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Si kweli kwamba kazi hii inadai kila mwanafunzi awe na simu, au intaneti iwepo porini. Simu ya mwalimu inatosha kwa kundi zima: hupiga picha na kurekodi mahali kwa GPS bila mtandao, na picha hupakiwa jioni.

Wala si kweli kwamba takwimu za wanafunzi ni mazoezi ya kutupwa. Katika iNaturalist, picha ya mmea wa porini yenye tarehe na mahali, ikithibitishwa na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni kuhusu spishi yake, hupandishwa hadhi ya utafiti, na ikiwa na leseni inayoruhusu, hupelekwa GBIF, hazina ya kimataifa inayotumiwa na wanasayansi. Kwa sababu hiyohiyo vijana wafundishwe kuficha mahali halisi pa mimea adimu. Kwa spishi zilizoorodheshwa kuwa hatarini, programu huonyesha umma eneo pana la takriban kilomita 22 kwa 22 tu, lakini orodha hiyo haijakamilika, na kijana aliyepata Saintpaulia mwambani ahakikishe mwenyewe kwamba mpangilio wa kuficha mahali umewashwa kabla hajapakia picha.