Kozi ya fasihi ya Zama za Kati: mnayoogopa na mtakayoyakuta

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana waliosoma HKL na HGL, yaani historia na Kiingereza pamoja na Kiswahili au jiografia, hapa Ngamiani, Tanga, hunifuata barazani. Hata chuo hawajapangiwa, tayari kuna kozi moja inayowakosesha usingizi: fasihi ya Kiingereza ya Zama za Kati, maandiko ya tangu kama mwaka 500 hadi 1500. Wameambiwa ni kozi ya sapu, yaani ya kurudia mtihani, wameambiwa watu walidisko, yaani waliondolewa chuoni, kwa ajili yake. Nimeisoma, nikaipenda kuliko zote nilizosoma chuoni, na inaniuma kuona mtoto wa Tanga anaikimbia kwa maneno ya kusikia. Nayaandika hapa yale ninayowaambia, na wa Pangani, Muheza na Korogwe wayapate.

"Ni Kiingereza cha Shakespeare, na Shakespeare mwenyewe alitushinda"

Shakespeare alizaliwa 1564. Zama za Kati zilikuwa zimekwisha. Kilichomo kwenye kozi ni Kiingereza cha namna mbili. Cha kwanza ni kile cha kale kabisa, cha shairi la Beowulf. Hicho hata Mwingereza wa leo hakielewi mpaka afundishwe, kwa hiyo sisi tulilisoma kwa tafsiri na hakuna aliyeona haya. Cha pili kilikua baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ndicho cha mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki 1400, na hicho mtakisoma chenyewe.

"Kama hukuzaliwa nacho, huwezi kukitamka"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo sisi tulipo na bahati kuliko tunavyojua.

Kati ya miaka ya 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake. Kabla ya hapo zilikaa karibu sana na a, e, i, o, u tulizofundishwa darasa la kwanza. Neno "name" lilitamkwa na-me, silabi mbili, ile a ikivutwa. "Time" ilikuwa tii-me. "Knight" ilisikika herufi zote: k ipo, n ipo, na ile gh inakwaruza, inakaribia kh ya "kheri" tunayoisikia kwa masheikh. Mtoto wa darasa la tatu anayesoma "na-me" akachekwa na wenzake, huyo yuko karibu na Chaucer kuliko mtangazaji wa London.

Jambo hili sikulielewa darasani, nililielewa nyumbani. Nilikuja mapumziko mafupi mwezi wa Aprili, masika imeshika, maji yametuama barabarani mpaka kizingitini. Bibi alikuwa na ungo mapajani, anachagua mchele. Nikawa nasoma kwa sauti mwanzo wa hadithi za Canterbury za Chaucer: "Whan that Aprille with his shoures soote, the droghte of March hath perced to the roote." Lile "soote" husomwa soo-te. Bibi akanyanyua uso.

"Sote? Sote akina nani?"

Nikamweleza kuwa kwa huyo mzee neno hilo maana yake ni tamu. Anasema Aprili na mvua zake tamu zimeutoboa ukavu wa Machi mpaka mzizini. Bibi akatazama nje maji yanavyoshuka kwenye mabati ya jirani. "Basi huyo wa hapa hapa," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Na kweli. Huku kwetu Machi huunguza, kaskazi inamalizikia. Kusi ikiingia, masika inaanguka. Katika mashairi yote ya Kiingereza niliyofundishwa, yenye theluji na majani yanayopukutika, hilo lilikuwa la kwanza kufuata kalenda ya Tanga. Tangu siku ile nikaacha kusoma Chaucer kimya.

"Shika desa, kariri, utapasi"

Desa, yale maelezo mafupi ya kupeana, ndilo lililotuangusha. Jaribio la kwanza wengi wetu tulipata alama za kutia huruma, kwa sababu tulikuwa tumekariri muhtasari wa visa na hatukuwa tumesikia hata mistari kumi ya shairi lenyewe.

Kazi hizi zilitungwa zisikike. Beowulf inaanza na neno "Hwæt", ambalo wafasiri wengi wamelichukua kama wito: haya, sikilizeni. Aliyelelewa na paukwa na pakawa hahitaji maelezo zaidi. Halafu kila mstari umekatwa katikati, kuna pumzi pale, na vipande viwili vinafungwa pamoja kwa sauti za mwanzo wa maneno zinazojirudia. Wanaojua shairi letu, lenye ukwapi na utao na mizani nane kila upande, watatambua umbo hilo mara moja. Tofauti ni kwamba sisi tunafunga kwa vina, katikati na mwisho, na wao walifunga kwa herufi za mbele.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja kwenye semina, kijana mkimya, alikulia madrasa na amesoma kasida tangu mdogo. Siku aliyopewa mistari ya Kiingereza cha kale asome, hakuielewa hata neno moja. Lakini alipofika penye kituo alishusha pumzi, akapandisha tena, kama anavyofanya kwenye maulidi. Mwalimu alimwomba arudie. Alirudia mara tatu, na darasa zima likawa linapiga meza kidogo kidogo kufuata mapigo. Siku hiyo shairi lilitukaa kuliko desa lolote.

"Ni dini tupu"

Dini imo kwa wingi, na ukiiruka hutaelewa. Lakini wale mahujaji wa Chaucer, wanaokwenda kuzuru kaburi la Thomas Becket aliyeuawa kanisani mwaka 1170, njiani wanashindana kusimuliana hadithi, na mshindi atalipiwa chakula. Yumo mwanamke wa Bath, fundi wa kufuma nguo aliyeolewa mara tano na anayejua kujitetea. Kimo kisa cha jogoo anayesifiwa sauti na mbweha mpaka afumbe macho awike, akakamatwa shingo. Naye akamtia mbweha maneno mpaka akafumbua mdomo. Hiyo ngano tungeikuta popote penye sungura na fisi.

"Wanawake hawakuandika"

Julian wa Norwich aliumwa mwaka 1373, akakaribia kufa, akapata maono, na alichokiandika juu ya maono hayo ndicho kitabu cha kwanza kinachojulikana cha mwanamke kwa lugha ya Kiingereza. Nilipofika hapo nilimkumbuka Mwana Kupona wa Pate, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akamwita binti yake aje akae na wino na karatasi. Karne karibu tano kati yao, na wote wawili wanatufikia kutoka kitandani mwa ugonjwa.

"Hayatuhusu. Sisi wakati huo hatukuwa na kitu"

Hili linaniumiza, hasa likisemwa na mtu wa Tanga. Panda gari la Pangani, shuka Tongoni, utakuta msikiti na makaburi yenye nguzo ya karne ya 14 na 15, enzi za Chaucer kabisa. Ng'ambo, Unguja, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaandika aliyoyaona.

Ni kweli kwamba karatasi zetu za Kiswahili zilizosalia ni za baadaye: barua za Kilwa za 1711 zilizohifadhiwa Goa, India, na Utenzi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali, wa 1728. Pwani ina unyevu na mchwa. Lakini na Beowulf ilinusurika kwa nakala moja tu, ya kama mwaka 1000, na moto wa 1731 uliila kingo zake.

Na ule utaratibu wenyewe, wa mtunzi kusimulia vita kwa beti na watu kunakili kwa mkono, hapa Tanga haukuwa wa zamani za mbali. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, pwani yetu hii, vita vya mwaka 1307 wa Hijria, karibu na 1890. Mwalimu alipotueleza juu ya makosa ya wanakili na nakala zisizolingana, nilijua nina mfano wa karibu kuliko Uingereza.

Kesho yake ile ya mchele, bibi alifungua kasha akanitolea chuo, yaani kitabu, kilichofungwa kwa kitambaa. Ni utenzi alionakili baba yake kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa rangi ya kahawa. Pembeni mwa ukurasa mmoja neno limekatwa, na jingine limeandikwa kwa mkono tofauti, mdogo, wa kuinama. Nikamuuliza nani alisahihisha.

"Mama," akasema bibi. "Baba akisoma, yeye alikuwa anasikiliza."