UTI: kabla ya kumeza dawa, mkojo wako ulipimwaje?

Mgonjwa akiniambia ana "UTI sugu" na ametumia kila aina ya dawa, swali langu la kwanza huwa: unaumwa nini hasa? Mara nyingi najibiwa mgongo unauma, mwili umechoka, tumbo linajaa gesi. Anakojoa vizuri, haungui, ila karatasi za maabara zinasema ana seli za usaha, na kila karatasi imemletea dozi nyingine ya antibiotiki. Jambo hili linatuumiza sana sisi tunaotibu maradhi ya mfumo wa mkojo, kwa sababu siku akiugua kweli, dawa hizo zinaweza kugoma.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, kuanzia figo hadi mrija wa kutolea mkojo nje. Yanayotokea zaidi ni ya kibofu. Kisababishi kikuu ni bakteria Escherichia coli, anayeishi utumbo mpana bila kutudhuru. Ndiye huleta robo tatu hivi au zaidi ya maambukizi ya kawaida ya kibofu. Kwa hiyo wengi hawajaambukizwa na choo walichokalia. Bakteria wametoka mwilini mwao wenyewe, wakapanda. Mwanamke huugua zaidi kwa kuwa mrija wake una sentimita 4 hivi tu, tena uko jirani na njia ya haja kubwa, wakati wa mwanamume hufika sentimita 20. Tendo la ndoa huweza kuwasukuma bakteria hao ndani, lakini UTI si ugonjwa wa zinaa na haithibitishi kwamba mwenza ametoka nje. Ujauzito, kisukari, mawe, tezi dume iliyovimba na mpira wa mkojo huongeza hatari.

Dalili za kibofu zinajulikana: kuungua wakati wa kukojoa, kubanwa kila mara huku mkojo ukitoka kidogo, maumivu chini ya kitovu, wakati mwingine damu. Ukiongezea homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni, maambukizi huenda yamefika kwenye figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga hawezi kueleza. Homa isiyo na chanzo au kukataa kunyonya kunatosha kumpeleka apimwe.

Sasa kipimo, ambako mambo mengi huharibika. Nawa mikono. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke na kujisafisha kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume mwenye govi alivute nyuma na kusafisha. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni. Bila kuukata, sogeza kikopo ukinge wa katikati, kisha malizia chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko. Kifike maabara mapema, kwani mkojo ukikaa zaidi ya saa 2 kwenye joto, bakteria wachache huzaliana na majibu yanapotosha.

Seli za usaha peke yake si UTI. Uchafu wa ukeni unaweza kuingia kwenye kikopo. Klamidia, kisonono, mawe na hata kifua kikuu cha figo huzileta pia. Na mtu akikutwa na bakteria bila dalili yoyote, kwa kawaida hatumpi dawa. Mjamzito tunamtibu hata kama hajisikii vibaya, maana kwake bakteria hupanda kwenye figo kwa urahisi. Vivyo hivyo anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Kibofu cha mwanamke asiye na tatizo jingine hutibika kwa dozi fupi: nitrofurantoini siku 5, au fosfomisini gramu 3 mara moja tu. Siprofloksasini si dawa ya kukimbilia hapa. Maambukizi ya figo yanahitaji dawa nyingine na muda mrefu zaidi, kwa kuwa nitrofurantoini haiingii vya kutosha kwenye nyama ya figo. Mwanamume, mtoto na mjamzito wasijinunulie dawa; wapimwe kwanza.

Usipopata nafuu baada ya siku 2 au 3, au ukiugua mara 2 ndani ya miezi 6, omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara. Majibu huchukua siku kadhaa, lakini yanamtaja bakteria na dawa inayomuua. Maji nayo yana nafasi yake: katika utafiti uliochapishwa 2018, wanawake waliokuwa wakinywa maji kidogo na kuugua mara kwa mara waliongeza lita 1.5 kwa siku, na maambukizi yakapungua karibu nusu. Kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni acha kabisa, kunaua bakteria wazuri wanaokulinda. Kwa mama aliyekoma hedhi, krimu ya estrojeni ya ukeni husaidia sana; amuulize daktari.