Uvimbe wa sakafu ya fuvu: dawa ipi ya mionzi kwa swali gani

Barua nyingi za kuomba PET-CT, picha inayoonesha ilikokusanyika dawa ya mionzi aliyodungwa mgonjwa, huandikwa FDG, ile sukari iliyofungwa fluorini-18, hata pale inapofaa kidogo. Kwenye sakafu ya fuvu tatizo liko juu tu ya uvimbe: ubongo hula sukari usiku na mchana, na kwenye picha huwaka wote. Meninjioma ndogo, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, iliyojibanza chini yake, ambayo aghlabu haina njaa kubwa ya sukari, humezwa na mwangaza huo.

Kwa meninjioma mimi huomba DOTATATE yenye galiamu-68. Dawa hii hushika vipokezi vya homoni ya somatostatini, aina ya 2, kwenye seli. Meninjioma karibu zote zinavyo, ubongo hauna vya kuonekana. Uvimbe hung'aa peke yake gizani, pamoja na sehemu ya mfupa uliokwisha kuingiliwa. Baada ya upasuaji, MRI (picha ya sumaku) inaposhindwa kutenga kovu na mabaki, hapa ndipo inapojilipa. Skwanoma, uvimbe wa ala ya mshipa wa fahamu, kwa kawaida huishika kidogo mno, na hilo husaidia pale uvimbe wa pembeni mwa mshipa wa fahamu wa kusikia unapobishaniwa. Paraganglioma, uvimbe wa vifundo vya neva, huishika kwa nguvu, kuliko inavyoishika MIBG, dawa ya mionzi ya zamani.

Mtego ni pituitari, tezi ya homoni iliyo chini ya ubongo: nayo hushika dawa ikiwa nzima kabisa. Uvimbe unaogusa kiti chake usisomwe bila MRI pembeni. Uvimbe wa milimita chache pia hupita bila kuonekana. Mgonjwa wa sindano ya kila mwezi ya oktreotidi, dawa inayokalia vipokezi hivyohivyo, apimwe siku za mwisho kabla ya sindano inayofuata, la sivyo DOTATATE itakuta vipokezi vimeshakaliwa.

FDG tusiitupe. Kwa saratani ya nyuma ya pua huonesha tezi za shingo na ilikosambaa, ila baada ya tiba ya mionzi subiri wiki 12, kwani tishu zilizovimba kwa kuunguzwa na mionzi nazo hula sukari. Kwa kodoma, uvimbe wa mfupa wa hapohapo, FDG huyumba. Picha baridi, isiyowaka, isikutulize.

Wengine huuliza kwa nini dawa isiletwe Unguja kwa boti. Hesabu ni hii: safari ya saa 2 kutoka Dar es Salaam. Nusu-uhai wa fluorini-18, yaani muda wa nguvu yake kupungua nusu, ni dakika 110; ikifika bandari ya Malindi, Unguja, imebaki asilimia 47. Galiamu-68, dakika 68, asilimia 29. Methionini ya kaboni-11, dawa nyingine ya PET, dakika 20, haifiki 2. Teknishiamu-99m ya saa 6 hubaki na 79, lakini hiyo ni ya kamera ya gama, si PET. Kwa hiyo anayevuka ni mgonjwa, na anayetoka Pemba asipange kushuka boti na kupimwa asubuhi ileile.

Kwa FDG mgonjwa afunge kwa muda wa saa 6, maji matupu ruhusa, chai ya maziwa hapana. Sukari ya damu iwe chini ya 11 mmol/L. Mwezi wa Ramadhani hesabu saa kuanzia daku. Baada ya sindano akae kimya dakika 60: asizungumze, asitafune ubani, asisome uradi kwa sauti, maana misuli ya taya na koo itawaka palepale tunapotafuta uvimbe. DOTATATE haidai kufunga: dozi ni megabekereli (kipimo cha mionzi) 100 hadi 200, kisha dakika 40 hadi 90 za kusubiri.