Voodoo haiongezi kasi ya REND386

"Chomeka kadi ya 3dfx, REND386 itapaa." Wanaofufua kompyuta za zamani kwa ajili ya uhalisia pepe bado wanaambizana hivyo kuhusu Voodoo, kadi ya 3D ya kampuni ya 3dfx, na REND386, programu ya DOS inayochora ulimwengu wa 3D, na wengine wanalipa pesa nzuri. Haitapaa. Haitasogea hata kidogo.

REND386 iliandikwa na Dave Stampe na Bernie Roehl mwanzoni mwa miaka ya 1990. Voodoo Graphics imetoka 1996. Programu haitumi kazi kwa chipu isiyoijua: poligoni zote, yaani maumbo bapa yanayounda ulimwengu, zinapigiwa hesabu na prosesa, kisha picha inaandikwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya VGA, kadi ya kawaida ya picha. Isitoshe, Voodoo ni kadi ya 3D tupu. Inapokea waya wa VGA kutoka kadi nyingine na kuupitisha tu hadi monita mpaka iitwe kupitia Glide au Direct3D, njia za programu kuamuru kadi za 3D. Kwa REND386, basi, umenunua kipande cha waya, tena kinachoweza kufifisha picha.

Kinachosaidia ni prosesa na njia ya data. Picha ya pikseli 320 kwa 200 yenye rangi 256 ni baiti 64,000; fremu 30 kwa sekunde ni karibu MB 2, na kadi dhaifu ya ISA, njia ya data ya zamani na ya polepole, inakabwa hapo. Tafuta kompyuta yenye prosesa ya 486DX2-66 na VESA Local Bus, njia ya data yenye kasi zaidi, kisha punguza poligoni za ulimwengu wako kabla ya kulaumu chuma.

Eti kumbukumbu zaidi ya video? KB 256 zinatosha. Picha ya macho mawili inataka kurasa nne, kila moja picha nzima: mbili zinaonyeshwa, mbili zinachorwa. Zidisha mwenyewe: baiti 256,000, na kadi ina 262,144.

Eti 387, chipu ya ziada ya hesabu za desimali? REND386 hutumia namba kamili; chipu hiyo itakaa bure.

Eti monita bapa inafaa miwani ya kufunga jicho kwa zamu? Hapana, tumia ya chogo. VGA hapa ni Hz 70, kila jicho linapata 35, kwa hiyo utaona kumetameta. Zima taa za tyubu.

Eti Power Glove, glavu ya kuongozea mchezo kwa mkono, inapata umeme kutoka poti ya printa? Poti hiyo haina pini ya volti 5. Chukua pini ya 1 ya poti ya joistiki, ardhi pini ya 4, na upime kwa mita kabla ya kuunganisha glavu.